Ukitaka picha zako za harusi ziwe na staili yako, anza na pale unaposimama

Vijana wengi wananiuliza staili naitoa wapi, wanadhani ni kamera au zile rangi za kuediti. Mi nawaambia inaanza na pale unaposimama, na mimi kwenye harusi yoyote nasimama pale ninapomuona mama.

Chukua sendofu za hapa Dar, zile sherehe za kumuaga biharusi kwao. Biharusi anatoka na keki kwenda kuwalisha wazazi, MC kapandisha sauti, wapiga picha na watu wa video wote wanamkimbilia mbele, wageni wanabaki kuangalia migongo. We usiende huko. Pita nyuma yake, piga juu ya bega lake, lenzi ya 85mm, ile ya kuvuta kidogo, inatosha, afu tulia. Juzi kuna mama alilishwa keki, kabla hata hajatafuna akanyoosha mkono kumgeuzia mwanae hereni iliyokuwa imejipinda, sekunde mbili tu, na ndo picha waliyoitundika sebuleni.

Sekunde mbili hizo huzipati kama huwajui watu. Kwa hiyo wiki moja kabla nakaa na maharusi, na siyo kuongea bei tu, nauliza nani kakulea, baba na mama wako pamoja au waliachana, bibi anatoka mkoani na anaweza kusimama muda mrefu? Naandika kwenye daftari. Siku yenyewe nikifika naenda kwa wazee kwanza, shikamoo mama, mi ndo mpiga picha wenu leo, kamera bado iko begani. Mzee uliyemwamkia vizuri hakukazii uso baadaye.

Sasa mwanga, na hapa naomba tuwe makini kabisa maana tunawakosea sana watu wetu. Kamera ikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, uso wa biharusi unazama. Pima mwanga usoni, siyo kwenye shela, na piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili hata shela likianza kuungua kidogo kwa mwanga ulirudishe ukiediti. Afu ukiediti usimng'arishe mtu ngozi! Niliwahi kufanya hivyo mwanzoni, biharusi akaiangalia picha kimya muda mrefu, akaniuliza kwa upole, "kaka, mimi niko wapi hapa?" Sijarudia tena.

Ukumbini kuna taa za zambarau na bluu kila kona. Mi naelekeza flashi juu ili mwanga ugonge dari urudi chini, ila angalia kwanza kitambaa cha mapambo huko juu, kikiwa cha rangi na nyuso zitakuwa rangi hiyo hiyo, hapo bora uelekeze kwenye ukuta mweupe pembeni. Ukiona mistari myeusi inakatiza picha ni taa zinapepesa, umeme wetu ni 50Hz, kwa hiyo taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, shusha shata, yaani kasi ya kamera kufunga, hadi 1/100 ya sekunde na mara nyingi inaisha.

Kwa ndoa za Kiislamu mambo ni tofauti kidogo. Bwana harusi akishaozeshwa msikitini anaenda kwa biharusi kumpa mkono, na chumba kile kimejaa kina mama na kina dada waliojipamba kwa ajili yao wenyewe. Mwanaume usijiingilie tu. Mi nafanya kazi na dada mmoja anayejua kamera vizuri, huko ndani ni kwake, na picha za huko hatuposti popote mpaka wenyewe waseme.

Picha za nje wahi mapema, jua letu linazama saa 12 na kitu jioni, kwa hiyo ongea na kamati mapema ili saa 10 na nusu muwe mmeshatoka kanisani. Foleni ikiwakamata msing'ang'anie kufika beach, tafuteni ukuta wenye kivuli, dakika 15 zinatosha, waache watembee na kuongea wenyewe bila kuwaambia shika hapa, geuka kule.

Kadi mbili za kuhifadhi picha kwenye kamera, zirekodi zote kwa pamoja, hilo halina mjadala.

Na siku ya kukabidhi kazi, chapisha picha moja ya ziada, ile ya mama, umpelekee mkononi mwenyewe. Wazee wengi hawafungui linki ya picha.