Chachu mpya ya mwaka mpya wa Kanisa

Waorthodoksi huanza mwaka wa Kanisa tarehe 1 Septemba. Ugiriki wakati huo ngano imeshaingia ghalani, zabibu zinavunwa na joto la kiangazi linaanza kulegea. Tarehe 14, sikukuu ya Kuinuliwa kwa Msalaba, kuhani hugawa mrehani uliobarikiwa, wakulima vijijini huleta mbegu ziombewe kabla ya kupanda, na nyumba nyingi huanzisha chachu ya kuokea prosfora, yaani mkate wa Liturujia, ibada ya Komunyo Takatifu. Unga ni wa mavuno yaliyopita, chachu ni ya mwaka unaokuja. Utaratibu ni huohuo ukiwa Athens, Nairobi au Bukoba.

Anza na chachu. Koroga gramu 100 za unga wa ngano na mililita 100 za maji ya uvuguvugu ndani ya bakuli la kioo au la udongo, laza kitawi cha mrehani juu, funika kwa kitambaa. Kesho yake ondoa kitawi. Kila siku mwaga nusu, ongeza gramu 50 za unga na mililita 50 za maji. Kinachoumua ni vijidudu vilivyomo ndani ya unga wenyewe. Mrehani ni baraka, kwa hiyo usiukatekate humo ukidhani utaharakisha kazi.

Siku ya pili au ya tatu mchanganyiko hufura ghafla na kunuka vibaya, halafu hunyamaza kabisa. Hapo ndipo wengi huumwaga, na hawana sababu. Bakteria wa mwanzo wanakufa kwa sababu uchachu umepanda, na hamira ya asili bado haijapata nguvu. Endelea kuulisha. Kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi chachu huumuka maradufu ndani ya saa nne hadi sita na kunukia kama mtindi. Sasa inafaa. Ukungu wa rangi ukitokea, huo hauna dawa: tupa yote, uanze upya.

Mkate mmoja wa sinia la sentimita 22 unahitaji unga mweupe gramu 500, chachu gramu 200, maji mililita 230 na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Hakuna sukari, maziwa, mayai wala mafuta, hata ya kupaka sinia. Tandika karatasi ya kuokea. Kanda dakika 15. Donge liwe gumu kuliko la chapati, kwa sababu donge laini hufuta alama za muhuri (kibao kilichochongwa herufi, kinachobonyezwa juu ya mkate) zikiwa bado tumboni mwa oveni.

Acha lipumzike nusu saa, lifinyange duara bila mikunjo juu, liweke kwenye sinia. Pangusia unga kidogo juu ya donge na kwenye muhuri, bonyeza kwa nguvu hadi chini, subiri dakika kumi, kisha uutoe wima. Herufi IC XC NIKA, yaani "Yesu Kristo anashinda", zisomeke wazi: hapo katikati ndipo kuhani atakapokata Mwana-Kondoo, kipande kinachowekwa wakfu kwa Komunyo. Kwa kijiti chembamba toboa kuzunguka alama mpaka chini. Usipotoboa, hewa hukusanyika chini ya muhuri na ganda hubanduka, na mkate wa namna hiyo haukatiki vizuri madhabahuni.

Umuke hadi uongezeke kwa nusu tu, saa tatu hadi tano. Nyanda za juu kama Nairobi huenda haraka zaidi kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo, basi tazama donge, si saa. Mkate uliopasuka ubavuni uliwahishwa. Uliobonyea katikati ulicheleweshwa. Toboa tena, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 50 hadi 60, mpaka kitako kikigongwa kitoe mlio wa uwazi. Ufunge kwa kitambaa safi ulainike. Oka Jumamosi; mkate wa moto huvurugika kisuni.

Pamoja nao peleka karatasi yenye safu mbili, walio hai na waliolala, majina ya ubatizo pekee, kwa herufi kubwa. Majina husomwa wakati wa Proskomidi, yaani maandalizi ya mkate na divai, kabla Liturujia haijaanza. Ukiingia na mkate Injili ikiwa imeshasomwa, utasubiri Jumapili ijayo.