Kulisha vifaranga wa kambare kwa chakula hai bila gharama kubwa

Anayetaka kuzalisha vifaranga wa kambare nyumbani kwake Mombasa hana budi kuanza na chakula chao kabla ya kufikiria mayai. Kifaranga akishaanguliwa humaliza akiba ya kiini chake kwa siku mbili au tatu tu, na baada ya hapo akikosa kijidudu cha kumeza hatasubiri pipa lako la vijidudu likomae. Unga laini peke yake hauzibi pengo hilo, kwa sababu tumbo la kifaranga bado halijakamilika kusaga chakula kikavu, na unga usioliwa hutuama chini, ukaoza na kuchafua maji. (Mfugaji wa perege hana haja ya kuhangaika na haya, maana watoto wa perege hutoka kinywani mwa mama yao wakiwa tayari kula unga.)

Chakula cha bei nafuu kuliko vyote ni moina, kijidudu cha maji yasiyo na chumvi wa jamii ya viroboto wa maji, ambaye akikomaa hufikia takriban milimita 1, na mtoto wake huwa na karibu nusu ya hapo. Joto la pwani yetu linampendeza, kwani huzaana vizuri zaidi katika maji ya nyuzi 24 hadi 31, na majike huzaa bila kuhitaji madume maadamu chakula kipo. Anzisha mapipa yake wiki mbili kabla ya siku unayotarajia kuangua mayai.

Maji ndiyo mtihani wa kwanza. Visima vingi vya kisiwani na vya Kisauni vina chumvichumvi ambayo moina haipendi, kwa hiyo tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, au maji ya mfereji yaliyoachwa wazi siku mbili ili dawa ya klorini itoke. Jaza mapipa mawili au matatu ya lita 200, uyaweke mahali penye kivuli cha nusu siku, kisha uyafunike kwa chandarua. Pipa lililoachwa wazi mjini Mombasa ni kitalu cha mbu kabla hujavuna hata kijiko kimoja cha moina, na watoto wa kerengende watakaoingia humo watakula moina wenyewe na, ukiwahamisha bila kujua, watakula hata samaki wako.

Mbegu ya moina huombwa kwa mfugaji mwenzako, au huchotwa kwenye madimbwi yaliyotuama baada ya mvua za masika. Mimina maji ya dimbwi ndani ya gilasi na uyaangalie kwenye mwanga: vijidudu vinavyorukaruka kwa mishtuko mifupi ndivyo unavyovitafuta. Weka wapatao 25 kwa kila lita ya maji ya pipa. Koroga gramu 5 hadi 7 za hamira kavu ya mkate, yaani vijiko viwili vya chai hivi, katika maji ya uvuguvugu, kisha uimwage katika kila pipa la lita 200. Wako wanaotumia samadi ya kuku, nayo hufanya kazi vizuri, lakini katika nyumba za Majengo ambako ua ni mmoja na majirani ni wengi, mimi ningeshikamana na hamira.

Kosa linaloua mapipa mengi ni kulisha kupita kiasi. Tumbukiza mkono hadi kiwiko. Ukiviona vidole vyako waziwazi, moina wana njaa na unaweza kuongeza hamira kidogo, lakini ukiona ukungu mweupe tu, ngoja. Moina wakigeuka rangi kuwa wekundu, fahamu kwamba hewa ya majini imepungua na damu yao inajitahidi kuikamata iliyobaki, kwa hiyo punguza chakula na uweke pampu ya hewa yenye mapovu ya polepole. Wakishakuwa wengi, vuna robo ya pipa kila siku, si zaidi, na urudishe maji safi ya kiasi hicho hicho. Kwa kuwa pipa moja huweza kufa usiku mmoja bila sababu unayoiona, usilishe samaki kwa kutegemea pipa moja.

Moina waliokula hamira tupu hushibisha lakini wana upungufu wa mafuta ambayo kifaranga anayahitaji. Dawa yake ni kuwaweka kwa saa chache katika ndoo ya maji ya kijani, yaani maji ya bwawa yaliyoachwa juani hadi yakajaa mwani mdogo, kabla ya kuwapeleka kwa samaki.

Kwa siku tatu za kwanza za kula, watoto wa artemia, kijidudu wa maji ya chumvi, hufaa zaidi kwa udogo wao. Mayai makavu ya artemia huuzwa kwa mikebe, mengi yakitoka katika ziwa la chumvi la Utah, Marekani, na bei yake huuma. Lakini gramu moja ya mayai mazuri hutoa watoto zaidi ya 200,000, na maji ya kuwaangulia tunayo bure. Yachote baharini wakati maji yamejaa, upande wa Nyali au Likoni, wala usiyachote ndani ya mkono wa Tudor ambako maji taka ya mji huingia. Kata kitako cha chupa ya soda ya lita 2, uigeuze mdomo chini, uijaze maji ya bahari yaliyochujwa kwa kitambaa cha shashi, utie gramu 2 za mayai, kisha upulize hewa kwa nguvu chini ya taa kwa saa 24. Ukizima hewa kwa dakika kumi, maganda huelea na watoto huzama, nawe utawanyonya kwa mpira mwembamba na kuwasuuza kwa maji yasiyo na chumvi.

Watoto wa artemia hufa baada ya saa chache katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo walishe vifaranga kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, ukihakikisha kwamba matumbo yao yamekuwa ya rangi ya chungwa. Vifaranga wasizidi 50 kwa lita, na beseni lao liwe na giza, kwani hukimbia mwanga. Kuanzia siku ya nne walishe moina, na kuanzia siku ya nane changanya na unga wa dagaa uliochekechwa, ukiongeza unga na kupunguza moina kwa siku nne au tano. Wakati huo watenge wakubwa na wadogo, kwa sababu kambare aliyemzidi mwenzake kimo humla.