Simu Used Kariakoo: Ikague Hivi Kabla Hujatoa Hela

Ukifika mtaa wa Aggrey usikimbilie bei wala kamera, washa simu kwanza upige *#06#, zitakuja tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, zitume kwa meseji kwenda 15090 uone jibu linataja modeli ileile uliyoshika mkononi au nyingine, likija tofauti rudisha simu uondoke hata muuzaji akushushie bei vipi.

Kama ni Samsung piga *#0*# itafungua menyu ya kupima kioo, weka rangi nyekundu halafu kijani, angalia kwa makini pale chini inapokaaga kibodi maana vioo vya AMOLED, aina iliyopo kwenye Samsung nyingi, vinaunguaga na unaona kabisa vivuli vya herufi vimebaki pale, mi nilishanunua moja hivyo usiku kwenye mwanga hafifu na iliniuma sana.

Betri ndo usiionee aibu kabisa. iPhone ingia settings uangalie afya ya betri, ikiwa chini ya 80% hesabu na hela ya kubadilisha betri kwenye bei. Android cheza video dakika kumi mwanga ukiwa full, chaji ikishuka kwa kasi au simu ikichemka mgongoni, achana nayo.

Weka laini yako upige simu, sikiliza spika na maiki, chomeka chaja utikise waya kidogo. Na akaunti ya mwenye zamani (Google au iCloud) itolewe mbele yako, sio "nitakutolea kesho kaka", alafu dai risiti yenye IMEI.