Jinsi ya kumtambua mapema mtoto mwenye VVU anayeelekea kuzidiwa

Mtoto mwenye VVU kwa kawaida hazidiwi ghafla. Mara nyingi kadi yake ya kliniki ilishasema miezi miwili mitatu nyuma, ila hatukuisoma. Wenzangu mlioko kliniki, hivi ndivyo ninavyofanya kabla ya kungoja maabara.

1. Anza na umri. Bila dawa, karibu theluthi ya watoto wanaoambukizwa na mama zao hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu kabla ya miaka miwili. Mtoto mchanga yuko hatarini hata CD4 zake (chembe za kinga kwenye damu) zikipendeza. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliotoa matokeo mwaka 2008, ulionyesha kuwa kuanza ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU) katika wiki za mwanzo za maisha kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Dawa zisingoje.

2. Mpime uzito, kisha unganisha nukta kwenye kadi. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Tuseme mtoto wa miezi 9 alikuwa na kilo 7.4 Machi, 7.5 Aprili, 7.4 Mei. Hajakonda, mama ameridhika, lakini mstari umelala wakati ulipaswa kupanda. Nauliza anakula nini, kama anaharisha, anakohoa, na nani pale nyumbani anakohoa au anatumia dawa za TB. Halafu utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Huyo asirudi nyumbani bila kuanzishiwa matibabu.

3. Mvue nguo umkague. Utando mweupe mdomoni usiokwisha kwa mtoto aliyepita wiki 8, kuhara kwa siku 14 au zaidi bila sababu, au TB ya mapafu humweka hatua ya 3 kati ya 4 za ugonjwa zilizopangwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Kukonda kupindukia kusikoeleweka ni hatua ya 4. Tezi za mate zilizovimba mashavuni huwatisha sana walezi, ila watoto hao kwa kawaida ugonjwa wao huenda polepole.

4. CD4 za mtoto wa chini ya miaka 5 zisome kwa asilimia, yaani sehemu yake katika limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zote. Idadi 1,000 ni nzuri kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miezi 6, kinga imeporomoka. Hatari kubwa ni chini ya asilimia 25 kabla ya mwaka mmoja, 20 kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya 3, na 15 kuanzia miaka 3 hadi kabla ya 5.

5. Kwa aliye kwenye dawa, angalia wingi wa virusi. Ukizidi nakala 1,000 kwa mililita ya damu, usimkaripie mlezi. Muulize kwa upole: wiki hii mtoto alilala kwa nani, mama, bibi au shangazi? Nani alimpa dawa? Mwombe akuonyeshe anavyoipima. Kisha rudi kwenye mizani, maana dozi hupangwa kwa kilo, na mtoto aliyenenepa huku akiendelea na dozi ya zamani anameza dawa pungufu kila siku bila mtu kujua.