Namna ya kuandika palmaresi (orodha ya makombe) ya Mazembe mu Afrika bila kuchanganya makombe

Hapa Lubumbashi kila mtu iko na hesabu yake ya makombe ya Mazembe, ekipe yetu ya mpira, huyu anasema 5, yule anasema 11, wanabishana mpaka usiku na kumbe wote wako sawa juu kila mmoja anahesabu kitu kingine. Ukitaka kuiandika vizuri, ya kubandika ku ukuta ao ya kutuma mu grupu ya masapota, fanya hivi.

Chukua kaye (daftari). Kila shindano lipate ukurasa wake, usiandike miaka yote mu mstari mmoja. Halafu ku kila finali weka mwaka, mpinzani, matokeo ya hapa nyumbani, matokeo ya kule. Mfano: 2010, Espérance ya Tunisia, 5-0 hapa, 1-1 kwao, jumla 6-1. Matokeo ya mechi zote mbili ni lazima, juu kuna finali ambazo jumla peke yake haielezi kitu, kama 2009 na Heartland ya Nigeria: tulipoteza 2-1 kwao, tukashinda 1-0 hapa, ni 2-2, na kombe likabaki kwetu sababu ya lile goli la ugenini, lililokuwa na uzito zaidi jumla zikilingana. Mtoto aliyezaliwa juzi akisoma 2-2 atauliza penalti ziko wapi.

Ukurasa wa kwanza ni Ligi ya Mabingwa: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Zile mbili za kwanza ekipe ilikuwa inaitwa TP Englebert, kwa hiyo andika jina hilo pembeni, vinginevyo mtu atatafuta Mazembe mu orodha ya zamani, akose, aseme unadanganya. Na 1967 iandike yote: Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 na 2-2, mechi ya tatu ikapangwa, Kotoko hawakutokea, kombe likaja kwetu. Watu wa Ghana wataikumbusha tu, bora uwe nayo tayari.

Chini ya ukurasa huo huo weka finali tulizopoteza, 1969 kwa Ismaily ya Misri na 1970 kwa hao hao Kotoko. Usizifiche hata kidogo! Finali 4 mfululizo ni kitu kikubwa sana, na ukiacha zile 2 hakuna atakayeiona. Weka pia 2011, mwaka tulioondolewa baada ya Simba ya Tanzania kulalamika juu ya mchezaji mmoja aliyetoka Espérance.

Sasa pale watu wengi wanaangukia. Kombe la 1980, tulipopiga Africa Sports ya Ivory Coast, ni Kombe la Washindi, si Kombe la Shirikisho. Lile la Washindi lilikufa 2003, la Shirikisho likaanza 2004, na tunalo mara 2, 2016 na 2017. Ukikuta mtu ameandika Shirikisho 3, ujue amechanganya hapo. Ile ya 2016 iko na stori nzuri: Wydad ya Moroko ilitutoa mu Ligi ya Mabingwa, tukashuka mu Shirikisho, na ndiyo tukaibeba mbele ya MO Béjaïa ya Algeria.

Supa Kombe, ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa na bingwa wa Shirikisho, miaka ile ilikuwa inachezwa mwaka unaofuata, kwa hiyo ubingwa wa 2009 unazaa Supa Kombe ya 2010, wa 2010 unazaa ya 2011, wa 2015 ya 2016. Zote 3 tulichukua. Jumlisha: 5, 1, 2, 3, unapata 11, na hapo wale wawili wataacha kubishana.

Kombe la Dunia la Klabu liwe na ukurasa wake, lisiingie mu hesabu ile. 2010 kule Abu Dhabi iandike polepole: Pachuca ya Mexico 1-0, goli la Bedi, Internacional ya Brazil 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka, kipa wetu Kidiaba anashangilia kwa kuruka na matako ku nyasi dunia nzima inaangalia, halafu finali Inter ya Milano 0-3. Ni ekipe ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika finali hiyo, hayo maneno yaandike na biki nyekundu. Kisha ongeza 2009 na 2015, miaka yote miwili tulipoteza mechi zetu zote na kumaliza wa 6.