Namna ya Kutafuta Mzizi wa Neno Lililotoka Kiarabu

Anayetaka kujua neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu lilianza na maana gani na aweke kwanza irabu kando, abakize konsonanti, kwa kuwa maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu, na kamusi nyingi za lugha hiyo hupangwa kwa mizizi. Kitabu, katibu na maktaba yote yamebeba k-t-b, mzizi wa kuandika.

Kazi ngumu ni kulivua neno vazi lake la Kiswahili. Tazama mwalimu. Kiarabu chake ni معلّم (muʿallim), lakini Waswahili waliisikia mu- ya mwanzo kama kiambishi cha mtu, wakapata walimu, kama vile ki- ya kitabu, ambayo kwa Waarabu ni sehemu ya mzizi, ilivyozaa vitabu. Ukiondoa mw- unabaki na l-m tu, na kwa herufi mbili hizo hutafika popote, kwa sababu ain (ع), konsonanti ya kooni ya Kiarabu, imemezwa. Irudishe, na papo hapo elimu, maalumu na alama yatajipanga kama ndugu wa nyumba moja. Irabu mbili zinazofuatana, kama katika maarifa na taarifa, mara nyingi ndizo alama ya mahali ain ilipokuwa.

H nayo huhitaji subira: habari ina خ (kh), hesabu ina ح (h ya kooni), hewa ina ه (h ya kawaida), nasi tunazitamka zote sawa. Jaribu herufi zote tatu kabla ya kukata tamaa.

Mzizi ukipatikana, soma maana zake zote, hata zile zinazoonekana kuwa mbali. Siasa imetoka katika s-w-s, na kitenzi chake hutumika pia kwa kutunza farasi. Mchungaji wa farasi huitwa سائس (sāʾis). Hata hivyo, maana ya zamani isitumiwe kusahihisha wasemaji wa leo: kwa Mwarabu karam ni ukarimu, kwetu karamu ni mlo wa wageni wengi, na sioni kosa hapo.

Jihadhari pia na kuishia njiani. Makao yanafanana na maneno kama maktaba, lakini ni ya Kibantu, kutoka -kaa. Serikali ni ya Kiajemi. Na kalamu, ingawa tuliipokea kutoka kwa Waarabu, wao waliipata katika Kigiriki, ambako kalamos ni tete.