SOMO: Ndugu yako kafungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, rufaa unaianzia hapa (Kigoma na Tabora)

Wakuu, naandika hii mara moja ili mtu akiniuliza tena nimtumie tu. Kila siku swali ni lilelile, "kaka kapigwa 30, tufanyeje", na anayeuliza unakuta hukumu ina miezi mitano. Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili. Mwenye hela ya wakili aende kwa wakili wa kweli, sio wale vishoka wanaozungukazunguka nje ya mahakama na mafaili kwapani.

1. Wapi. Kesi ya mahakama ya wilaya Kasulu, Kibondo au Kigoma inaenda Mahakama Kuu Kigoma. Nzega, Igunga, Urambo, inaenda Mahakama Kuu Tabora. Zamani wa Kigoma nao walikuwa wanaletwa huku Tabora, siku hizi hapana.

2. Kusudio la kukata rufaa: siku 10 toka hukumu. Akiwa ndani amwambie mkuu wa gereza, atajaziwa, atatia dole gumba. Basi.

3. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (yale yote yaliyoandikwa wakati kesi inasikilizwa), KWA BARUA, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri.

4. Hati ya rufaa (yenye sababu zako): siku 45. Hapa ndipo watu wanapolia. Sheria inasema siku 45 toka siku ya hukumu, ila zile siku ulizokuwa unasubiri nakala hazihesabiwi. Watu wanasikia hiyo nusu ya pili wanastarehe. Sasa mahakama itajuaje nakala ulizipata lini? Nimeona familia moja, nakala zimefika gerezani, kapokea mtu, hakuna tarehe wala muhuri, rufaa imepelekwa, wakili wa serikali akasimama akasema imechelewa na hapakuwa na karatasi hata moja ya kumjibu, rufaa ikatupwa hata sababu hazijasomwa. Kwa hiyo nakala zikifika tu, ukurasa wa kwanza, pale kona ya juu, igongwe tarehe ya kupokelewa, na kama muhuri umefifia (wino wa mihuri yetu mnaujua) aandike kwa peni pembeni na kusaini. Na kama umeshachelewa USIPELEKE rufaa hivyohivyo, anza na maombi ya kuongezewa muda, na kiapo kinachoeleza kila siku ya kuchelewa ilienda wapi. Kila siku. "Tulikuwa hatujui sheria" haitawasaidia. Kama ucheleweshaji ulitokea gerezani, ombeni na mkuu wa gereza naye aape.

5. Sababu za rufaa. "Hakimu alikosea kumtia hatiani" peke yake ni maneno matupu. Fungua mwenendo utafute haya. Walimtambuaje usiku? Kesi ya Waziri Amani (jina la mtu, sio waziri wa serikali) ya 1980 mpaka leo ndiyo kipimo: mwanga, umbali, walimwona kwa muda gani, walikuwa wanamfahamu kabla. Shahidi akisema "kulikuwa na taa ya sola" akaishia hapo, taa hiyo ilikuwa na mwanga kiasi gani? Na kama alimtambua, alimtaja kwa mtu wa kwanza aliyemkimbilia au alikumbuka jina wiki mbili baadaye polisi? Maelezo ya onyo (aliyoyatoa polisi) yalichukuliwa ndani ya saa nne toka akamatwe? Yalipopokelewa kama kielelezo yalisomwa kwa sauti mahakamani? Yasiposomwa yanaondolewa kwenye ushahidi. Hakimu alibadilika katikati bila sababu kuandikwa? Baada ya upande wa mashtaka kufunga, mshtakiwa alielezwa haki zake za kujitetea na kuita mashahidi?

Yote yaweke hapa Mahakama Kuu. Ukifika Mahakama ya Rufani na hoja mpya ya ushahidi ambayo hukuisema huku chini hawaipokei, labda iwe hoja ya sheria. Na kwenda huko notisi ya kusudio ni siku 30.

6. Siku ya kusikilizwa aongee kwa sababu alizoandika, asianze hadithi.

MASWALI

mchuuzi_mwanga: mkuu hizo 45 zinaanza lini?

Namba 4.

bint_nguruka: Samahani kaka, mdogo wangu siku hiyo alikuwa kalala nyumbani, tuandike hilo?

Alilisema kwenye utetezi, dada? Na alitoa taarifa mapema kuwa atajitetea hivyo? Kama halimo kwenye mwenendo, kwenye rufaa halitakuwa na uzito. Angalia kwanza utambuzi.

mwl_kasulu: Je, wakikuta kesi iliendeshwa vibaya anaachiwa moja kwa moja?

Swali zuri, mwalimu. Sio lazima, wanaweza kuamuru isikilizwe upya. Ila tangu kesi ya Fatehali Manji, 1966, haitakiwi kurudishwa ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yao. Kwa hiyo usiishie kuonyesha kwamba utaratibu ulivunjwa, onyesha pia kwamba ushahidi uliobaki hautoshi, ndiyo mlango wa kutokea. Hukumu nyingi zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII.

isevya_boy: Si twende tu mahakama ya Afrika pale Arusha, nasikia walimshinda serikali

Ni kweli, kesi ya Alex Thomas, 2015, unyang'anyi wa silaha miaka 30, ikaonekana haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa na hakupewa msaada wa kisheria. Lakini Tanzania ilijiondoa 2019 kwenye lile tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na toka Novemba 2020 mtu binafsi hawezi kufungua kesi mpya moja kwa moja. Malizeni hapahapa. Msaada wa kisheria mnaweza kuomba, ipo sheria yake ya 2017.

bint_nguruka: Asante kaka. Mwenendo kurasa mia na kitu, fotokopi ni hela kweli

Piga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, mchana, dirishani. Fotokopi toa kurasa za mashahidi wa utambuzi tu, ndizo atakazokuwa anazirudia kule ndani.

mchuuzi_mwanga: nimesoma namba 4 ila sijaelewa naomba namba yako nikupigie

Sitoi namba. Tarehe ya hukumu ni lini, na nakala mmepata? Jibu hapa.